Aliyeandika na Aliyetunza

Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari kwenye fainali ya chemsha bongo ya fasihi, Tanga

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanangu mliokaa mbele hapa, hamjambo?

Kwanza hongereni. Nimekaa pale nyuma nikiwasikiliza tangu duru ya kwanza. Mmeulizwa nani aliandika Kusadikika, mkajibu kabla msomaji hajamaliza swali. Mmeulizwa Hamlet alikuwa mwana wa mfalme wa nchi gani, vidole vinne vikainuka kwa pamoja. Hata mwaka ilipotoka sehemu ya kwanza ya Don Quixote, 1605, mmeupata. Wale wanaosema vijana wa siku hizi hawasomi ningependa wangekuwamo humu ukumbini.

Nina ombi moja tu, na muda wangu wote nitautumia kulieleza. Karibu kila swali lililoulizwa leo lilianza na "nani aliandika". Nataka mwakani tuongeze swali la pili: nani alitunza? Mwandishi akishaweka kalamu chini, kazi haijesha. Atakufa. Nyumba itahamwa, mchwa watakuja, askari watapekua, moto utawaka. Ili karatasi zake zifike kwenye rafu ya maktaba yenu, lazima awepo mtu mwingine aliyezishika, akazificha, akazinakili, au akakataa kuzitupa. Mtu huyo hatumfundishi darasani wala hatumuulizi kwenye mtihani, na mimi naona hapo tunadhulumu.

Tuanze na mkubwa wao, Shakespeare, maana kila mtu anamtaja.

Shakespeare alifariki Aprili 1616. Siku anazikwa, karibu nusu ya tamthilia zake zilikuwa hazijapigwa chapa popote. Msishangae. Zama zile tamthilia haikuhesabiwa kuwa kitabu cha mtu kuweka nyumbani. Ilikuwa mali ya kikundi cha waigizaji, na kikundi hakikuwa na haraka ya kuichapisha, kwa sababu ikishachapwa wengine wataichukua waiigize. Maandishi yakabaki mikononi mwao, nakala chache za mkono. Na ukumbi wao, Globe, uliteketea Juni 1613. Walifyatua mzinga katikati ya mchezo, kwenye onyesho la kumlaki mfalme, cheche ikashika paa la nyasi, jengo likaisha. Fikirieni zile nakala zingeungua siku hiyo.

Hazikuungua, na waliozifikisha kwetu ni waigizaji wawili, John Heminges na Henry Condell. Walikuwa wenzake jukwaani kwa miaka mingi. Katika wosia wake Shakespeare aliwaachia wao, pamoja na Richard Burbage, shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wakanunue pete. Burbage alikufa mapema. Hawa wawili waliobaki wakakaa chini, wakakusanya tamthilia 36, wakazipeleka kwa mpiga chapa, na mwaka 1623, miaka saba baada ya mwenzao kufa, likatoka buku moja kubwa. Katika utangulizi walisema hawakulifanya kwa kutaka faida wala sifa, ila kuweka hai kumbukumbu ya rafiki yao. Tamthilia 18 kati ya zile 36 hazikuwa zimepata kuchapwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana habari yetu wenyewe. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, rais wa nchi changa, mwenye kazi zote mnazoweza kuzifikiria, alitoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari. Tamthilia hiyo ni mojawapo ya zile 18. Samuel Mushi akatafsiri Makbeth, ikatoka 1968. Nayo ni mojawapo ya zile 18. Mwaka uliofuata akatoa Tufani. Hiyo pia. Katika nne walizotutafsiria wazee hawa wawili miaka ya 1960, ni Mabepari wa Venisi peke yake iliyokuwa imechapwa Shakespeare akiwa hai. Bila Heminges na Condell, Mwalimu asingekuwa na Kaizari wa kumtafsiri, wala walimu wenu wasingekuwa na hotuba ya Antonio ya kuwakaririsha. Lakini nikiwauliza hapa nani anawajua watu hawa wawili, sidhani kama mkono utainuka. Nami sikufundishwa nilipokuwa kwenye madawati kama hayo yenu.

Niingie kwa wale waliotaka karatasi zao ziangamizwe, kwa sababu mwanafunzi mmoja amenishika mkono wakati wa mapumziko akaniuliza habari za Kafka.

Franz Kafka, mwandishi wa Prague, alikufa kwa kifua kikuu Juni 1924, ana miaka 40. Alimwachia rafiki yake Max Brod maagizo kwamba miswada, barua na madaftari yake, vyote vichomwe bila kusomwa. Brod hakuchoma. Mwaka 1925 akatoa The Trial, 1926 akatoa The Castle. Machi 1939, majeshi ya Hitler yakiwa yanaingia Prague, Brod alitoroka kwa treni akiwa na karatasi za Kafka ndani ya sanduku, akaishia Tel Aviv. Dada watatu wa Kafka walibaki. Wote watatu waliuawa na Wanazi. Nalisema hili taratibu kwa sababu linauma: dada zake waliangamia, zikasalimika karatasi ambazo mwenyewe alitaka ziwe majivu.

Swali la mwanangu yule lilikuwa hili: Brod hakufanya khiyana? Wosia ni wosia. Ni swali zito na silipuuzi, hasa kwetu sisi tuliolelewa kuheshimu neno la marehemu. Ila jueni kwamba Brod alikuwa ameshamwambia Kafka, Kafka akiwa hai, usoni pake, kwamba akipewa kazi hiyo hataifanya. Kafka akayajua hayo, na bado akamwachia yeye. Mtu anayetaka kwa dhati jambo lifanyike hamkabidhi aliyekwisha kumwambia kuwa hatalifanya. Hayo ndiyo maoni yangu, na walimu wengine hapa wananipinga, tena wana hoja.

Mshairi Emily Dickinson ni habari nyingine, na mimi nampenda zaidi dada yake kuliko hata mashairi yenyewe. Emily aliishi Amherst, mji mdogo wa Massachusetts, Marekani, na miaka yake ya mwisho hakutoka nje ya nyumba ya baba yake ila kwa nadra sana. Akafa Mei 1886. Yaliyokuwa yamechapwa akiwa hai ni mashairi kama kumi hivi, bila jina lake. Mdogo wake, Lavinia, akaanza kazi ile ambayo wanawake wa kila nyumba yenye msiba wanaijua, kupanga na kugawa vya marehemu. Dada mtu alikuwa amemwagiza achome barua alizoandikiwa. Lavinia akazichoma. Halafu akakuta kitu ambacho hakuwa ameagizwa chochote juu yake: vijitabu 40 vya kutengeneza mwenyewe, karatasi zimekunjwa zikapangwa, zikatobolewa ubavuni na kushonwa kwa uzi, na kando yake karatasi nyingi zisizoshonwa. Ukijumlisha, mashairi karibu 1,800.

Lavinia hakuwa mshairi wala hakusomea uhariri. Alichokuwa nacho ni ung'ang'anizi. Aliwafuata watu, akawasihi, akachoshana nao, mpaka Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson wakakubali kuyahariri, na kitabu cha kwanza kikatoka 1890. Leo huwezi kufundisha ushairi wa Marekani bila Emily. Wasichana mliomo humu, andikeni jina la Lavinia kwenye daftari zenu. Kuna kazi kubwa ya fasihi inayoweza kufanywa na mtu asiyeandika hata ubeti mmoja.

Kuna pahali ambapo hata karatasi yenyewe ilikuwa hatari. Leningrad, Urusi, mwishoni mwa miaka ya 1930, Stalin akiwa madarakani. Mwana wa mshairi Anna Akhmatova amekamatwa, na mama anapanga foleni nje ya gereza pamoja na wanawake wengine, miezi kumi na saba, kupeleka kifurushi na kusikia habari. Humo kwenye foleni ndimo lilimozaliwa shairi refu liitwalo Requiem. Kuliandika na kuliweka ndani kulitosha kumpeleka mtu kambini, na chumba chake chenyewe hakikuaminika, kuta zilikuwa na masikio.

Rafiki yake Lydia Chukovskaya ameeleza walivyofanya. Anamtembelea, wanakaa. Akhmatova ananyamaza ghafla, anachukua kipande cha karatasi na penseli, halafu anasema kwa sauti jambo la kawaida kabisa, habari za chai au hali ya hewa, huku mkono unaandika haraka. Anampa Lydia. Lydia anausoma ubeti kimya, tena na tena, mpaka umeingia kichwani, anairudisha karatasi. Akhmatova anasema kwa sauti kwamba mwaka huu vuli imewahi, anawasha kiberiti, anaiunguza juu ya kisahani cha majivu. Kisha Lydia anavaa koti, anatoka, anatembea usiku barabarani akijirudia beti zile asije akapoteza neno. Walikuwapo marafiki wengine waliobeba beti hivyohivyo. Requiem ilichapwa mara ya kwanza 1963, nje ya nchi, Munich. Katika nchi yake ilisubiri mpaka 1987, yeye ameshakuwa kaburini tangu 1966.

Watu wa Ulaya wakisikia kisa hiki hushangaa. Sisi wa pwani tusishangae sana. Bibi zetu walihifadhi tenzi nzima kifuani, wakazisoma kwenye harusi na matanga bila kufungua kitabu. Kuhifadhi kwa moyo ni elimu tuliyolelewa nayo tangu chuo cha Kurani, tukiwa na miaka sita. Ndiyo maana nasema habari ya kutunza si ngeni kwetu, ila hatujaandika majina ya waliotutunzia.

Chukueni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Aliishi takriban 1776 mpaka 1840, wakati Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, wanashindana na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, juu ya Mombasa, na mashairi yake yalikuwa silaha katika ugomvi huo. Alitunga pia ya mapenzi, ya madeni, ya fumbo, ya mambo ya nyumba. Ndiye anayetajwa kuwa aliutoa ushairi wa Kiswahili msikitini akaupeleka sokoni. Na hakuacha diwani. Alipokufa, mashairi yalibaki midomoni mwa watu wa Mombasa, na midomo nayo inakufa mmoja mmoja.

Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Miaka zaidi ya 40 baada ya Muyaka kuondoka, mzee huyu alikuwa akiyakumbuka, akiyauliza kwa wazee wenzake, akiyaandika kwa herufi za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo na mmisionari Mwingereza, William Taylor, ambaye aliyanakili na kuweka maelezo. Sikujua akafariki 1890. Karatasi za Taylor zikasafiri hadi London na leo zimo katika maktaba ya SOAS, chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka, Johannesburg. Angalieni njia iliyopita: ushairi umetoka Mombasa ukaenda London, ukaenda Afrika Kusini, ndipo ukarudi madarasani kwetu.

Nikisoma makala za wataalamu nakuta "mkusanyo wa Taylor", "toleo la Hichens". Wanastahili shukrani, sikatai, kwa kuwa walijua thamani ya walichokishika wakati wenyeji wengi wenye uwezo hawakujali. Lakini mkusanyo huo ulitoka katika kichwa cha Sikujua. Jina lake halifai kuwa kwenye tanbihi. Mkiandika insha juu ya Muyaka, mwandikeni Sikujua katika aya ya kwanza, na mwalimu akiwauliza kwa nini, mwambieni nimewatuma mimi.

Lamu nako alikuwapo Muhammad Kijumwa, aliyefariki 1945. Fundi wa kuchonga milango, mpigaji wa ala, mtunzi, na juu ya yote mwandishi wa khati. Alice Werner, Hichens, na Mjerumani Ernst Dammann aliyefika Lamu miaka ya 1930, wote walipata nakala za tenzi kutoka mkononi mwake. Ukiiona karatasi ya Kijumwa huwezi kuisahau: vipande vya mshororo vimepangwa kwa safu, vina vimesimama wima kimoja chini ya kingine, nukta hazikosei mahali. Aliandika khati kwa nidhamu ileile ya patasi kwenye mbao. Mikono kama hiyo ndiyo iliyotufikishia tenzi za Pate na Lamu, karne hata karne. Utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake katika miaka ya 1850 ulikuwa barua ya mama kwa mwana, ya ndani ya nyumba. Kama pasingekuwa na watu wa kuunakili na kuuhifadhi, ungekwisha na nyumba ile.

Na si lazima mwende London. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani hii kukusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mkusanyo huo upo. Mkijaaliwa kufika pale mlimani kusoma, ombeni kuiona. Ni haki yenu.

Twende Kamiti, gereza lililo nje ya Nairobi.

Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alikuwa na miaka 22 alipoandika karatasi ya kuhoji serikali ya Kenya, Kenya: Twendapi? Ilikuwa 1968. Mwaka uliofuata akahukumiwa miaka mitatu, akawekwa peke yake. Humo akatunga kwa siri, kwenye karatasi za chooni, na mashairi yale ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyotoka 1973, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Rais aliyemfunga na tuzo aliyopewa ni jina moja. Sitalieleza zaidi, linajieleza. Ninachotaka mkione ni karatasi zenyewe. Karatasi ya chooni haivumilii kalamu wala jasho. Kila ubeti ilibidi ufichwe, upekuzi upite, utoke nje ukiwa mzima.

Miaka michache baadaye, gereza hilohilo, yuko Ngugi wa Thiong'o, 1978, naye anaandika kwenye karatasi za chooni riwaya kwa Kikuyu, ile tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Mwenyewe amesimulia: siku moja askari waliingia kupekua, wakaikuta miswada, wakaichukua yote. Miezi ya kazi, kwa dakika chache. Akakaa wiki kadhaa bila kujua iko wapi. Halafu ofisa mmoja wa gereza akamrudishia, akasema hakuona ubaya ndani yake, ila Kikuyu chake ni kigumu. Jamani! Ofisa yule angeweza kuitia motoni na hakuna ambaye angemuuliza. Aliisoma, au alijaribu kuisoma, na akairudisha. Mimi namweka katika orodha ya waliotunza fasihi ya Afrika, na sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kujihesabu humo.

Kwa Chinua Achebe wa Nigeria sitawachelewesha, ila kisa chake nacho mkichukue. Mwaka 1957 alituma mswada wa Things Fall Apart London kwa kampuni ya kupiga taipu, baada ya kuona tangazo lao gazetini. Mswada wa mkono, na nakala nyingine hakuwa nayo. Wakajibu atume paundi 22, akatuma. Kisha kimya. Miezi ikapita. Mkuu wake wa kazi kwenye redio ya Nigeria, Angela Beattie, alipokwenda London likizo, aliifuata ile ofisi kwa miguu yake akawahoji. Ndipo wakaupiga taipu na kuurudisha. Achebe alisema baadaye kwamba kama ungepotea, angevunjika moyo mno, na huenda asingeandika tena. Riwaya hiyo ikatoka 1958, ikachapwa nakala 2,000. Kiswahili tunaisoma kama Shujaa Okonkwo. Yule mama alichofanya ni kwenda ofisini kuuliza swali moja kwa ukali.

Nimefika kwa Shaaban Robert, na mngenishangaa nikisimama Tanga nisifike kwake.

Mnajua alizaliwa Vibambani, hapo tu, Januari 1, 1909. Mnajua alikuwa karani wa serikali, kwanza forodhani, baadaye idara nyingine, na kwamba aliandika usiku na alfajiri, kazi ya mwajiri ikishakwisha. Alifariki Juni 20, 1962, ana miaka 53, miezi sita baada ya uhuru. Sasa pigeni hesabu na vitabu mnavyovisoma. Kufikirika kilitoka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, beti takriban 3,000 juu ya vita vya 1939 hadi 1945, ulitoka 1967. Utubora Mkulima, 1968. Siku ya Watenzi Wote, 1968. Mwandishi yuko Machui, kaburini, miaka mitano, sita. Muda wote huo vitabu hivyo havikuwa vitabu. Vilikuwa karatasi, katika nchi ya mvua mbili na mchwa wa mwaka mzima. Nusu ya Shaaban mnayemjua imewafikia kwa sababu karatasi zile hazikutupwa wala hazikufungiwa vitumbua.

Lakini kinachonigusa zaidi ni barua. Shaaban alikuwa na ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, naye mwandishi, aliyetoa kitabu cha hadithi, Nguzo ya Maji, mwaka 1951. Kaka alimwandikia mdogo tangu 1931 mpaka 1958. Miaka 27. Barua za kawaida za ndugu kwa ndugu: nani mgonjwa, nani kahamishwa kazi, pesa zimekwama, kitabu kimefikia wapi. Hakuna mtu anayeandika barua ya namna hiyo akifikiri itasomwa na wanafunzi baada ya nusu karne. Na aliyeipokea mara nyingi huisoma, hujibu, akaisahau droani. Yusuf Ulenge alizitunza. Alizitunza kaka yake akiwa karani asiyejulikana nje ya jimbo, kabla ya Kusadikika, kabla ya tuzo, kabla hajawa Shaaban Robert wa kwenye mitihani. Hapo ndipo penye mapenzi, maana kutunza barua ya mtu mashuhuri kila mtu anaweza. Profesa Mugyabuso Mulokozi akazihariri, na mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazitoa kuwa kitabu. Anayetaka kumjua Shaaban akiwa na wasiwasi, akiwa na deni, akiwa kaka wa mtu, hana pa kwenda isipokuwa humo.

Sasa niwaambie la kufanya, maana sikuja kuwapa hadithi peke yake.

Katika nyumba mnazotoka kuna vitu. Najua, maana nimefundisha katika mji huu na nimeingia nyumba nyingi. Kuna bibi mwenye daftari la nyimbo za taarabu, alizonakili akiwa kijana. Kuna babu mwenye utenzi wa herufi za Kiarabu ambao hakuna mjukuu anayeweza kuusoma. Kuna kanda za kaseti za ngonjera za miaka ya Azimio. Kuna mjomba aliyetuma mashairi kwenye gazeti akakata kila ukurasa uliotoka na jina lake.

Kwanza, muulizeni mwenyewe akiwa hai. Mwombeni ruhusa. Akisema hataki vionekane, mwacheni, maana Kafka mmoja anatutosha. Akikubali, kaeni naye, asome kwa sauti huku simu inarekodi. Utenzi ukiusoma kimya hujui unaghaniwa kwa mahadhi gani, na mahadhi yakifa hakuna wa kuyafufua.

Kisha pigeni picha kila ukurasa, mchana, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Jalada lipigeni pia, na kurasa zilizo tupu, kwa mpangilio uleule. Msitie gundi ya utepe kwenye karatasi iliyochanika, inaila na kuigeuza rangi. Msiipeleke steshenari kutiwa plastiki. Msiifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa joto hili la Tanga inavunda. Bahasha ya karatasi, kasha kavu, juu ya kabati, mbali na ukuta unaovuja na mbali na sakafu.

Akija mtu mgeni, awe wa chuo au wa shirika, awe Mzungu au mwenzetu, akataka kuondoka na asili, mpeni picha. Asili ibaki. Kama wazee wameamua kuipeleka maktaba kwa usalama, vizuri, iende kwa maandishi, na risiti mbili, moja ibaki nyumbani.

Na kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli, maana wino husambaa ukilowa, andikeni mambo matatu: utunzi ni wa nani, umetoka mji gani na mwaka gani kwa kadiri wazee wanavyokumbuka, na nani aliyeuweka hadi leo. Hilo la tatu msiliache hata kama aliyeuweka ni shangazi yenu tu na anasema hana haja ya kuandikwa. Mwandikeni jina lake kamili.

Ahsanteni sana.